Ugonjwa Haujui Jina la Mtu

Asubuhi ya mwezi wa sita kule Hasamba haina haraka. Ukungu hulala juu ya mashamba ya kahawa kama mgeni aliyeshiba, na hakuna wa kumwamsha. Ukisimama mlangoni, huoni mti wa tatu. Unasikia tu watu wakichuma. Tunda linadondoka kikapuni. Mtu anakohoa. Mtu anaanza wimbo wa kwaya, anaufikisha katikati, anauacha hapo uelee.

Mzee Gibson na mkewe Ferista walikuwa shambani kabla ya chai. Binti yao mkubwa, Rozi, alikuja na kikapu chake kutoka kwake, si mbali, kwa mumewe Mika ambaye ni seremala. Binti yao mdogo, Angel, alikuwa amekuja kutoka Tunduma kusaidia kuvuna. Angel alisaidia kwa mdomo zaidi kuliko mikono. Lakini siku asipokuwapo, kikapu kilikuwa kizito na kazi ndefu, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza.

Kule Tunduma Angel anauza nguo za watoto karibu na mpaka. Wateja wake wengi huvuka kutoka Zambia. Anawaamkia "Mulishani", wanacheka, wananunua. Fedha zake huziweka kifuani, ndani ya sidiria. Shilingi upande wa kulia, kwacha upande wa kushoto. Alipenda kusema kwamba benki yake haifungwi Jumapili.

Katika ukoo wa mzee Gibson, mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia. Ndivyo marehemu anavyoendelea kuitwa kula na wenzake. Ni desturi nzuri. Lakini ndani ya ukoo huu kulikuwa na jina moja lililoogopwa kama nyoka kwenye kuni.

Jina hilo ni Nesta.

Mama yake Gibson aliitwa Nesta. Alikufa angali kijana, kwa uvimbe wa titi, Gibson akiwa bado anachunga mbuzi. Aliacha binti mchanga, na watu wakampa mtoto yule jina la mama yake ili asimsahau. Nesta huyo wa pili akakua, akaolewa, naye akafa kwa uvimbe wa titi kabla hajapata mvi hata moja. Wakati huo Gibson alikuwa na binti yake wa kwanza, na binti huyo naye aliitwa Nesta.

Baada ya msiba wazee wakakaa. Wakamtaja Nesta wa kwanza. Wakamtaja Nesta wa pili. Kisha macho yote yakamwangukia Nesta wa tatu, mtoto wa shule ya msingi, aliyekuwa akitafuna muwa pale mlangoni.

Wakambadilisha jina. Zikafanyika sala, akapikwa kuku, na mtoto akaamka asubuhi anaitwa Rozi. Kila mtu akaonywa asilitamke tena lile jina la zamani. Mama yake alipojisahau na kuanza kusema "Nes...", alijifunika mdomo kwa kiganja. Ugonjwa wenyewe nao ukapewa jina. Ukaitwa ugonjwa wa jina.

Angel alizaliwa baadaye. Hakuwahi kuitwa Nesta hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo aliona jambo hili ni la dada yake, na alimtania bila huruma.

"Dada, siku ya hukumu ukiitwa, utaitikia jina lipi? Malaika asije akaondoka akidhani hupo."

Rozi alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na kizingiti. Alikuwa ameolewa miaka mingi na hakutaka kuzaa. Mika hakumlazimisha. Watu wa kijijini walisema lao, naye akawaacha waseme. Rozi aliogopa kuzaa mtoto wa kike ambaye ugonjwa ungemtafuta kwa jina lile la Nesta. Kila mara alikwenda kituo cha afya kule Ruanda, humo humo wilayani Mbozi, kupapaswa matiti na muuguzi. Kila mara aliambiwa hana kitu. Kila mara alirudi nyumbani akiogopa upya.

Asubuhi ile, katikati ya ukungu, Rozi aliacha kuchuma.

"Nimemwota bibi tena," akasema.

Ndoto yake waliijua wote. Shamba linakuwa jeupe kwa maua ya kahawa, hata kama ni wakati wa mavuno. Harufu yake inalewesha. Mwanamke amesimama kati ya miti, amempa mgongo, anachuma maua badala ya matunda. Bila kugeuka, anaita, "Nesta." Rozi anajua ndiye anayeitwa. Anataka kuitika, lakini mdomo haufunguki. Mwanamke anangoja kidogo, kisha anaendelea kuchuma.

Safari hii ndoto ilikuwa imebadilika. Mwanamke hakungoja. Alimpita Rozi, akaenda kusimama kwenye mti aliokuwa akichuma Angel.

Angel akaanza kucheka. Kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Huyo bibi ana macho," akasema taratibu. "Nina kitu hapa, upande wa kwacha. Kama punje ya kahawa. Nilikigusa nikiweka fedha. Lakini hakiumi, na mimi si Nesta."

Kikapu cha Ferista kilimtoka mkononi, na matunda mekundu yakamwagika chini.

Ndoto haikujua chochote, msomaji. Rozi alikuwa anaogopa, na mtu mwenye hofu huiota hofu yake. Lakini ndoto ile ilimfanya Angel aseme jambo alilolificha tangu mvua za masika, na hilo tu lilitosha.

Sasa ungedhani familia ilikwenda hospitali siku hiyohiyo. Haikwenda. Iliitisha kikao.

Danieli, mdogo wake Gibson, alikuja baada ya ibada ya Jumapili. Walikaa uani wakatafuta jambo moja tu: ni nani aliyewahi kumwita Angel kwa jina la Nesta? Ferista aliapa kuwa si yeye. Gibson alifikiri huenda bibi mmoja mzee, jirani, alilitamka siku ya ubatizo. Danieli akauliza kama kule Tunduma kuna mteja anayemwita Angel kwa jina lisilojulikana. Angel akajibu kwamba Wazambia humwita sista, na wale wenye madeni humwita mama.

Mwisho wakakubaliana kumpa jina jingine la kumkinga. Danieli akapendekeza Lusungu, kwa sababu maana yake ni nzuri, ni neema. Sala ipangwe baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi.

Angel akamtazama baba yake mdogo kwa adabu.

"Sawa, baba mdogo. Na hilo jina, ninywe mara ngapi kwa siku?"

Danieli hakucheka. Rozi naye hakucheka. Alikuwa akijiangalia mikono. Yeye alibadilishwa jina akiwa mtoto, na hofu haikumtoka hata siku moja. Alianza kujiuliza kama jina jipya linaweza kumtoa mtu kitu chochote.

Hakubishana na wazee. Kesho yake alimwambia Angel amsindikize kituo cha afya, kwa sababu ana hofu zake za kawaida. Angel alikubali. Alipenda kumsindikiza, maana njia nzima alipata mtu wa kumtania.

Muuguzi wa pale aliitwa Conjesta. Kwao ni Kagera, lakini alikuwa amekaa Mbozi mpaka akajua kulalamikia baridi kama mwenyeji. Alipomwona Rozi mlangoni alitabasamu.

"Karibu, mama. Umekuja kuhakikisha bado huumwi?"

Rozi akamsukuma Angel mbele. "Leo si mimi, Sista. Mpime huyu."

Angel aligeuka kumtazama dada yake. Ukimjua mtu aliyezoea kuwatania wengine, utajua jinsi anavyoshangaa akizidiwa ujanja. Lakini mlango ulikuwa umefungwa na pazia limevutwa, akakaa kitandani.

Conjesta alipasha mikono yake joto kwanza. Kisha akapapasa polepole, kuzunguka titi lote, mpaka kwapani. Alipofika pale penye punje, vidole vyake vikasimama. Vikaenda, vikarudi.

"Hakiumi," Angel akawahi kusema.

"Nimekusikia," Conjesta akamjibu. "Uvimbe mwingi wa titi si saratani, sitaki ukalie leo. Lakini uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Kwa hiyo kutokuuma hakutuambii kitu. Huu unatakiwa kupimwa hospitali kubwa, na mapema."

Kisha akavuta kiti. Akauliza habari za ukoo. Nani aliugua, aliugua nini, na alikuwa na umri gani. Rozi akamsimulia yote: Nesta wa kwanza, Nesta wa pili, jina lililobadilishwa, na ugonjwa unaofuata jina.

Conjesta hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mtu anayesikiliza mvua. Kisha akauliza swali moja dogo.

"Na wale ambao hawakuitwa Nesta, walikufa kwa nini?"

Dada wawili wakatazamana. Kulikuwa na shangazi mwingine, Alinanuswe, dada mwingine wa baba yao. Huyu hakuwa na jina baya. Alikufa kwa tumbo. Lilijaa, likawa kama la mjamzito, na yeye mwenyewe akakonda. Watu walisema ni vidonda vya tumbo. Wengine walisema amelogwa. Hakuna aliyewahi kumhesabu pamoja na akina Nesta.

"Alikuwa na umri gani?"

Wakakumbuka. Alikuwa bado ananyonyesha.

Conjesta akashusha pumzi. "Nitakuja kwenu," akasema. "Nataka kuzungumza na baba yenu. Huu ugonjwa hauna habari na majina."

Alikuja jioni ya siku iliyofuata, jua likiwa la dhahabu na ukungu ukianza kurudi kutoka mabondeni. Kahawa ya siku hiyo ilikuwa kwenye vikapu uani, ikingoja kumenywa. Ferista akamtengea kiti cha mgongo. Danieli alikuwapo. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua, na chai ikanywewa mpaka ikawa adabu kuanza.

Conjesta aliwaambia kwamba saratani nyingi za titi hazirithiwi. Humpata mtu bila kuwapo mwingine katika ukoo. Lakini zipo koo chache ambazo hatari ya ugonjwa hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Dalili za koo hizo ni kama hizi: ndugu kadhaa wa upande mmoja wameugua, tena wakiwa bado vijana. Au mtu mmoja ameugua matiti yote mawili. Au mwanamume ameugua saratani ya titi, maana wanaume nao huipata, ingawa ni mara chache. Au ndani ya ukoo mmoja wengine wanaugua titi na wengine wanaugua vile vifuko vya mayai ya uzazi vilivyo tumboni mwa mwanamke.

"Tumbo la Alinanuswe," Ferista akasema chini chini.

"Huenda, mama. Siwezi kuapa, kwa sababu hakupimwa. Lakini daktari lazima aisikie habari yake."

Danieli alikuwa na swali lake. Kama ni urithi, basi ungetoka kwa mama. Na mama wa watoto hawa ni Ferista, ambaye kwao hakuna aliyeugua. Sasa umepita wapi?

Conjesta akaeleza kwamba mwili wa mtu hujengwa na kutunzwa kwa maelekezo madogo mno yaliyo ndani yake. Wataalamu huyaita vinasaba. Kila elekezo lipo mara mbili. Moja mtu hupewa na baba, jingine hupewa na mama. Lipo elekezo ambalo kazi yake ni kuuzuia mwili usipate saratani. Katika koo nyingine elekezo hilo lina hitilafu, na hitilafu hiyo inaweza kukaa ndani ya mwanamke au mwanamume.

Watu waliitikia kwa vichwa. Itikio la adabu, lile la kutoelewa. Conjesta akataka kuanza upya.

Lakini mzee Gibson alikuwa ameingiza mkono kikapuni. Alitoa tunda moja la kahawa, jekundu, akaliminya kwa vidole viwili. Punje mbili zikateleza zikatua kiganjani, zimelaliana kama mapacha.

"Sista," akasema, "unataka kusema kila mtu ni tunda lenye punje mbili."

"Ndiyo, baba. Vizuri kuliko nilivyosema mimi."

"Na mtoto wangu nampa punje moja. Mama yake anampa nyingine."

"Ndiyo."

"Mama yangu alikuwa na punje moja mbovu. Mimi akanipa hiyo."

"Inawezekana. Kipimo ndicho kitasema."

Mzee Gibson akafumba kiganja. "Na nikifumba mkono hivi, sichagui mtoto yupi nampa nzuri, yupi nampa mbovu."

"Huchagui, baba. Ni nusu kwa nusu kwa kila mtoto. Wa kike na wa kiume. Na mwenye punje hiyo si mgonjwa. Ana hatari kubwa kuliko wengine, basi. Wewe umefika umri huu na hujaugua titi."

Gibson alitazama ngumi yake kwa muda mrefu.

"Nimemlaumu marehemu mama kwa jina lake," akasema. "Kumbe umepita mkononi mwangu."

"Umepita kwako, baba," Conjesta akasema. "Hukuutuma."

Angel alikuwa amekaa kwenye mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, alitafuta utani akaukosa. Alinyanyuka, akaenda kukaa karibu na baba yake, akaifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja. Akachukua zile punje mbili akazirudisha kikapuni.

"Twende Mbeya, baba," akasema. "Lusungu atatusubiri."

Sala ya jina haikufanyika. Badala yake walisali pale pale uani, sala fupi, kwa ajili ya safari.

Katika hospitali kubwa ya Mbeya, Angel alipigwa picha ya titi. Kisha alichomwa sindano iliyochukua kipande kidogo cha nyama ndani ya ule uvimbe, kikapelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi, daktari aliyatoa bila kuzungusha. Ilikuwa saratani. Lakini ilikuwa bado ndogo, na haikuwa imesambaa mwilini. Angekuja baada ya mwaka, alisema, wangezungumza habari nyingine.

Angel alilia siku hiyo, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Rozi alimshika mkono. Mambo yalikuwa yamegeuka, kwa sababu miaka yote Rozi ndiye aliyengoja habari hii, na Angel ndiye aliyekuja kumchekesha.

Daktari alisikia habari za akina Nesta na za Alinanuswe, akazichora kama mti wa ukoo. Akasema kuna kipimo cha damu kinachosoma vinasaba. Hakipatikani kila mahali, na damu itasafirishwa kwenda maabara inayokifanya. Kinaanza kwa yule aliyeugua. Hitilafu ikionekana kwake, ndugu zake watajua cha kutafuta. Hakuna anayelazimishwa. Mtu anaelezwa kwanza, anafikiri, ndipo anakubali au anakataa. Angel akakubali.

Alifanyiwa upasuaji, titi la kushoto likaondolewa. Alipokuwa chini ya dawa ya usingizi, naye aliota. Aliota maua ya kahawa meupe yakimwangukia usoni, baridi na laini, na watu wengi wakipita katikati ya miti bila haraka. Hakumwona bibi yeyote. Alipoamka alimwambia Rozi kwamba ndoto yake ni nzuri ila ina watu wachache mno, yeye ameijaza.

Kisha zikaja dripu za dawa. Nywele zilidondoka. Chakula kikawa na ladha ya bati. Siku nyingine alilala mchana kutwa, akiusikia ulimwengu kwa mbali, kama redio ya jirani. Ferista alimpikia uji mwembamba. Gibson alikaa pembeni yake na hakusema mengi. Angel alipopata nguvu kidogo alitangaza kwamba tawi la kwacha limefungwa rasmi, na wateja wote wahamie tawi la shilingi. Hapo mama yake akajua mtoto anarudi.

Majibu ya damu yalikuja mvua zikiwa zimeshika. Angel alikuwa na ile hitilafu. Daktari akasema sasa wanajua, na kujua ni nusu ya kazi. Titi lililobaki litapigwa picha kila mwaka. Baadaye, akishamaliza kuzaa, watazungumza habari ya kuondoa vile vifuko vya mayai kabla havijaleta shida.

Gibson naye akapimwa. Alikuwa nayo, kama alivyodhani. Akaambiwa kwamba mwanamume mwenye hitilafu hiyo anapaswa kujipapasa kifua na kupimwa tezi dume.

Kisha zamu ya Rozi. Alikaa mbele ya daktari amefumba macho, mdomo haufunguki, kama kwenye ndoto yake. Miaka yote alijua atasikia nini.

Hakuwa nayo. Baba yake alimpa ile punje nyingine.

Rozi alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alilia kuliko alivyolia kwa jambo lolote. Angel, kichwa chake kimefungwa kitenge, akaja kukaa naye.

"Umeubeba wewe badala yangu," Rozi akasema.

"Usijipe umuhimu, dada. Hakuna aliyebeba cha mwenzake. Baba alifumba mkono tu." Akakaza fundo la kitenge. "Wewe ndiye uliyenivuta mpaka kwa Sista Conjesta. Hofu yako ya miaka yote imenifaa mimi. Sasa iache, nayo imechoka."

Conjesta alimwambia Rozi asije akadhani amepewa hati ya kutougua kabisa. Ajichunguze matiti na kwenda kupimwa kama mwanamke mwingine yeyote. Lakini ile hatari ya ukoo haikumfuata. Na mtoto wake hawezi kupewa kitu ambacho mama yake hana.

Wakati huo mzee Gibson alikuwa na kazi yake. Alikwenda kwa Danieli akamweleza kwamba na yeye, na watoto wake wote, wanapaswa kumwona daktari. Danieli akajibu kuwa yeye ni mwanamume na hana matiti. Gibson hakubishana. Alitoa mfukoni tunda la kahawa lililokauka, akalivunja mbele yake, akaziweka punje mbili mezani. Akaenda zake. Walikuwa wamekua pamoja, na alijua mdogo wake huelewa jambo akiachwa nalo peke yake. Danieli alikuja Jumapili iliyofuata, akauliza nauli ya Mbeya ni kiasi gani.

Mvua za vuli za mwaka uliofuata zilipoanza, shamba la Hasamba lilichanua usiku mmoja. Watu walifungua milango wakakuta weupe mtupu. Harufu iliingia mpaka kwenye vyungu. Ulikuwa weupe uleule wa ndoto, ila sasa ulikuwa na nyuki, na mbuzi mmoja mwizi.

Rozi alikuwa kwa wazazi wake, na mtoto wa kike mchanga. Mika alikuwa ametengeneza kitanda cha mtoto, kikubwa mno, kwa sababu alimngoja muda mrefu na mbao zilimzidi. Ukoo ulikusanyika kutoa jina. Watu walikuwa na majina mazuri tayari, ya upande wa Mika na upande wa kwaya.

Rozi akasema anataka aitwe Nesta.

Mtu akakohoa. Kikombe kikagonga sahani yake. Macho yakamwendea Danieli, kwa sababu ndiye mwenye kujua majina ya kukinga.

Danieli akajikuna kidevu. "Jina halina kosa," akasema. "Limekaa nje kwenye baridi siku nyingi. Liingie ndani."

Mzee Gibson akampokea mtoto, akalitamka jina la mama yake kwa sauti, mara ya kwanza tangu ule msiba wa zamani. Mtoto akapiga miayo. Angel, nywele zake zikiwa zimeota fupi na laini kama za kifaranga, akasema mtoto huyu hana adabu, amepewa jina la ukoo mzima na anasinzia.

Jioni watu walipoondoka, ukungu ukapanda taratibu kutoka mabondeni, ukachanganyika na maua mpaka huwezi kujua kipi ni kipi. Rozi alikuwa jikoni anasonga ugali. Ferista alikuwa barazani na mjukuu wake. Alimwinamia, akamwita kwa jina zima, na mkono wake haukwenda mdomoni.

"Nesta."

"Abee, mama," Rozi akaitika kutoka jikoni.